Kwa Nini Walinzi wa Gulio Hukaa na Mikono Nyuma

Kaeni basi, mbona mmesimama kama mnasubiri kuchapwa? Nimeambiwa mwaka huu mmejitokeza tisa kujitolea ulinzi wa gulio, na kwamba mmeanza kunung'unika kabla hamjakaa hata siku moja. Mmoja kauliza kwa nini mlinzi hapewi chochote, hata hindi la kuchoma. Mwingine kauliza kwa nini lazima wawe wawili, mmoja wa mlimani na mmoja wa nyikani, wakati mmoja angetosha. Na wa tatu, simtaji, anajijua, kasema kumwuliza mtu mara tatu kama kweli anatoa kitu chake ni kupoteza muda. Haya, nitawaambia. Ila nawaonya mapema: mkinisikiliza mpaka mwisho mtaondoka mmechanganyikiwa. Mimi Nanzia nimekaa pale uwanjani miaka ishirini na sita na bado nimechanganyikiwa.

Kulikuwa na wakati ambapo gulio letu halikuwa na mdomo. Shilingi ilikuwa haijapanda mlima huu, na hata leo, kama mnavyojua, siku ya gulio haikanyagi Lengero. Kitu hubadilishwa kwa kitu. Watu wa mlimani walikuwa na ndizi, vyungu na majembe. Watu wa nyikani walikuwa na mifugo, samli, ngozi na magadi. Kila upande ulihitaji vya mwenzake, lakini lugha zao hazikuingiliana hata neno moja, na isitoshe waliogopana. Huku tuliambiwa wale wanakunywa damu ya watu. Kule waliambiwa sisi tunatupa watoto. Nani alianzisha maneno hayo hajulikani, ila wenye kuyaamini hawakukosekana.

Kwa hiyo walibadilishana kimya. Mtu wa mlimani alitandika jamvi lake pale Lengero, mlima unapoishia na nyika inapoanza, akaweka vitu vyake juu yake, kisha akarudi nyuma. Mtu wa nyikani alikuja, akatazama, na kama amependa aliacha chake pembeni, akachukua vilivyo juu ya jamvi, akarudi kwenye mstari wa mawe upande wake na kusimama pale akingoja. Hapo mwenye jamvi alirudi. Akikigusa kilichoachwa, amekubali, biashara imekwisha, kila mtu aende kwao. Asipokigusa, akakaa chini tu, yule wa nyikani alijua hakuridhisha; alirudi akaongeza, au akarudisha alichochukua. Kugusa ndiko kulikuwa kukubali. Halikuwa gulio la mtu. Hakukuwa na jumbe wala mwamuzi, na wazee wa pande zote mbili waliona fahari kwamba mahali pale pamedumu vizazi bila mtu kumwambia mwenzake neno.

Sasa, alikuwapo mwanamke wa mlimani, mfinyanzi, jina lake Nakiete. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, Mrindoko, wa miezi saba hivi, naye alimpata baada ya kuharibikiwa na mimba mbili. Mtoto huyo alianza kuota jino la juu kabla ya la chini. Siku hizi mkiona hivyo mnacheka na kupiga picha. Enzi zile wazee wengine walikunja uso, wakasema jino la namna hiyo lina mkosi. Nakiete hakuwajali. Alimbeba mwanawe kwenye mbeleko popote alipokwenda, shambani, mtoni, kwenye tanuri la vyungu, na siku ya gulio alimbeba vilevile.

Siku hiyo alishuka na mama mkwe wake, Namkunda, kila mmoja na vyungu vyake. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na ardhi ilikuwa tope tupu. Nakiete alitandika jamvi, akapanga vyungu vitatu, kisha akafungua mbeleko ili aifunge upya, maana ilikuwa imelegea. Mtoto alikuwa amelala. Angemweka wapi? Pakavu palikuwa hapo hapo juu ya jamvi, basi akamlaza kando ya vyungu, na wakati anakung'uta mbeleko mguu wake ukakipiga chungu kimoja kikaanza kubingirika mteremkoni. Alikuwa amekifinyanga siku nne. Akakikimbilia.

Hilo tu ndilo kosa lake, kama ni kosa. Alikimbilia chungu.

Upande wa pili alisimama mwanamke wa nyikani aitwaye Nolari. Huyu alikuwa ameolewa miaka tisa bila kupata mtoto, na siku hiyo alikuja na mtamba mmoja mwekundu aliyepewa na baba yake, akitaka kumbadilisha kwa majembe. Aliona jamvi. Aliona vyungu viwili na mtoto mchanga, wamepangwa sawasawa, na mwenyewe ameshaondoka. Alikwenda akainama, mtoto akapiga miayo, na Nolari akaliona lile jino la juu. Kichwani mwake mambo yote yakapatana. Kumbe ni kweli wanavyosema, watu wa mlimani wanatoa watoto wa namna hii. Akalia pale pale kwa huruma na kwa furaha, asijue ni kipi kinamliza. Alifunga kamba ya mtamba kwenye kijiti, akamchukua mtoto na vyungu vyote viwili, akarudi kwenye mawe yake kungoja. Aliamini kabisa kwamba mtamba mmoja hatoshi na kwamba ataambiwa aongeze.

Aliyerudi kwanza kwenye jamvi hakuwa Nakiete. Alikuwa Namkunda, mama mkwe. Aliona vyungu havipo na badala yake amesimama mtamba mzima, mnene, wa kutazamwa. Mtamba kwa vyungu! Namkunda hakuwahi kuona bahati ya namna hiyo, na akili yake ilimwambia jambo moja tu, kwamba mgeni yule amekosea na sasa hivi atazinduka. Akaikamata kamba kwa mikono miwili upesi upesi. Kule kwenye mawe Nolari akauona mkono ukigusa kamba. Akageuka, akaenda zake nyikani akiwa amemkumbatia mtoto kifuani.

Nakiete akapanda na chungu chake, kimepasuka mdomo. Akamkuta mkwewe anatabasamu.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Si unaye mgongoni?"

"Nilimlaza hapa."

"Hapa wapi? Hapa palikuwa na vyungu."

Wakatazamana. Halafu wakamtazama mtamba, na mtamba akawatazama.

Mnaweza kudhani kilichofuata kilikuwa vita. Vijana walichukua mikuki, ndiyo, wakakimbia mpaka kwenye mawe, na pale pale wakasimama wenyewe, maana hakuna aliyejua wanakwenda kudai nini. Mtoto ameibwa? Mbona mwizi kaacha mtamba wa thamani? Basi amenunuliwa? Mbona mama analia? Wazee wakaketi siku tatu. Mmoja alisema kitu kilichowekwa juu ya jamvi kimewekwa. Mwingine akasema mtoto si kitu. Wa kwanza akamjibu, kama mtoto si kitu kwa nini alikuwa juu ya jamvi? Wa tatu alisema mkono ulioshika kamba ulikuwa wa mkwe, si wa mama. Akajibiwa kwamba nyumba ni moja na mkono wa nyumba ni mmoja. Kisha mzee mkubwa wao akasema: tukiivunja biashara hii, tutakuwa wa kwanza kuivunja, na kesho hakuna magadi, hakuna samli, hakuna ng'ombe wa mahari. Wakainuka bila uamuzi, kila mtu amekasirika na hajui amemkasirikia nani.

Na chini ya maneno hayo yote palikuwa na jingine lililosemwa kwa kunong'ona. Lile jino. Labda alimtoa makusudi. Labda amechoka kusemwa. Mumewe Nakiete, na huyu simsamehe mpaka leo ingawa amekufa zamani kuliko miti hii yote, hakumwuliza mkewe kama amemtoa mtoto. Alimwuliza kwa nini amemtoa. Kijiji kizima kilizungumza habari yake, na hapakuwa na mtu aliyekuja kukaa mbele yake na kumwuliza swali lile dogo. Ikafika mahali, hivi ndivyo alivyosimulia mwenyewe uzeeni, alikuwa akiamka asubuhi na kujiuliza: nilimlaza ili nifunge mbeleko, au nilimlaza kwa sababu nyingine ambayo moyo wangu umeificha? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini uchungu ule ulichanganyika na shaka, na shaka ni kitu kibaya, wanangu. Inakula usingizi na chakula.

Gulio lililofuata Nakiete alishuka bila vyungu. Namkunda alimfuata akimvuta yule mtamba, amejiinamia kwa aibu. Nakiete aliukataza mkono wake kuigusa kamba ile hata siku moja. Akilini mwake aliona hivi: mkono wa mkwe umekubali, mkono wa mama bado. Alitandika jamvi lile lile mahali pale pale, akaketi juu yake, mtamba pembeni, akangoja Nolari arudi aone kwamba hajakubali.

Nolari hakuja. Kiangazi kilikuwa kimeanza na watu wake walikuwa wamehamisha mifugo mbali, mwendo wa siku nyingi. Walikuja wengine, nao hawakuelewa kabisa. Walimwona mwanamke ameketi kando ya mtamba, hagusi kitu, wakadhani anataka bei. Mmoja akaacha mbuzi wawili mbele yake. Hakugusa. Mwingine akaongeza kibuyu cha samli. Hakugusa. Jioni mbele yake palikuwa na mbuzi watano, ngozi, shanga na magadi kama kichuguu, na wenyewe wamesimama kwenye mawe wanakuna vichwa. Ilibidi kila mmoja aje achukue chake. Walikwenda kwao wakasema mlimani kuna mwanamke ambaye hakuna kitu duniani kinachomtosha.

Ndivyo ilivyoendelea, gulio baada ya gulio. Nakiete aliogopa kugusa chochote kile, kwa sababu kugusa ni kukubali, na angegusa hata tone la samli wangesema ndiyo malipo ya mwanawe hayo. Watu wa mlimani wakimletea ndizi alikataa, maana nani ajuaye ndizi ile imebadilishwa na nini. Alikaa na njaa kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, kisha akarudi nyumbani kula. Basi wewe uliyeuliza kuhusu hindi la kuchoma, umejibiwa. Kuna mwaka shirika fulani lilituletea fulana za walinzi, zina maandishi mgongoni. Ziko stoo mpaka leo, panya wanazivaa.

Sasa mtu akikaa mahali pamoja kutwa nzima, hali kitu, habadilishi kitu, kazi yake macho tu, atakosa kuona? Alimwona mlimani aliyefunika ndizi mbovu kwa nzuri. Alimwona wa nyikani aliyejaza majivu chini ya magadi. Siku moja wawili wakakamatana mashati, yaani mashati hawakuwa nayo, wakakamatana ngozi, na kwa kuwa hawakuweza kusemezana wakageuka wote wawili kumtazama yule mwanamke aliyekuwa ameketi. Nakiete akaonyesha kwa kidevu: wewe, majivu. Mwenye majivu akaona haya, akamwaga. Tangu hapo watu wakazoea. Ukigombana unamtazama Nakiete. Pande zote mbili zilimwamini, kwa sababu kila mtu alijua hana anachopata. Yeye mwenyewe hakutaka kazi ile. Alikuja kumngoja mtoto, wao wakamgeuza mwamuzi.

Mwaka ukapita na miezi kadhaa. Mvua ziliporudi, watu wa Nolari nao wakarudi, na Nolari akasikia habari za mwanamke wa Lengero asiyegusa kitu, anayekaa na mtamba mwekundu. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Wenzake walimsihi asiende. Wakamwambia, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na aliyelea ni wewe. Mtoto walikuwa wamempa jina la Lemayian. Alikuwa anatembea, anakimbiza ndama, na usiku hakulala bila kuishika shingo ya Nolari. Nolari angeweza kunyamaza. Nyika ni kubwa, nani angemwona? Lakini naye shaka ilikuwa imemwingia. Alikwenda kwa mhunzi mmoja aliyetoroka mlimani zamani akawa anaishi peke yake nyikani, akamwomba amfundishe neno moja la lugha yetu, moja tu, akalisema njiani siku mbili asije akalisahau.

Gulio hilo lilikuwa limejaa. Nolari alivuka mstari wa mawe, mtoto mgongoni, akaja mpaka kwenye jamvi, akamshusha mtoto, akamweka pale pale alipomkuta. Kisha hakurudi nyuma kama desturi. Alisimama mbele ya Nakiete, akafungua kinywa katika gulio ambalo halijawahi kusikia neno la mtu kwa mtu wa upande wa pili, akauliza:

"Ulimtoa?"

Nakiete alimkodolea macho. Hakuamini kwamba ameulizwa yeye. Mwaka mzima na zaidi wazee wamesema, mume amesema, majirani wamesema, na leo wa kwanza kumwuliza ni mgeni wa nyikani.

"Ulimtoa?" Nolari akarudia.

Nakiete akafumbua mdomo, sauti ikagoma.

Nolari akauliza mara ya tatu, taratibu, na hapo Nakiete akajibu. Alisema, "Sikumtoa. Nilimlaza nikakimbilia chungu." Alipolisikia jibu hilo likitoka kinywani mwake mwenyewe, ile shaka ikamtoka papo hapo, akalia kwa sauti mbele ya watu wote. Nolari hakuelewa habari ya chungu. Lakini kukana hakuhitaji mkalimani. Aliuona uso, akajua kwamba alichokiita huruma kilikuwa kosa, na kwamba mtoto aliyedhani amemwokoa hakuwa ametupwa na mtu.

Akarudi nyuma hadi kwenye mawe, akaweka mikono nyuma, akashikanisha vidole.

Hapa ndipo desturi iliposhindwa. Vyungu na ngozi ukiviweka hukaa. Mtoto hakukaa. Aliinuka kwenye jamvi akamfuata Nolari, akakanyaga tope mpaka kwenye mawe, akamshika mguu na kuinua mikono abebwe. Nakiete akaita, "Mrindoko! Mrindoko!" Mtoto hakugeuka, maana hakulijua jina hilo. Alisema, "Yeyo," ndivyo wanavyomwita mama kule, akarudia, akaanza kulia. Nolari alijua kwamba akimgusa, amemchukua upya. Mikono yake ilibaki nyuma. Wanaosimulia kwa upande wa nyikani husema vidole vyake viliacha alama za kucha kwenye viganja mpaka akafa. Sijui kama ni kweli. Ninaamini.

Nakiete ndiye aliyevuka uwanja. Akamwinua mwanawe, na kilikuwa kitu cha kwanza kukigusa Lengero tangu siku ile. Mtoto alijinyonganyonga mikononi mwake kama aliyeshikwa na jini, akimnyooshea mikono yule mwingine. Namkunda naye, masikini, akaivuta kamba ya mtamba akaipeleka miguuni kwa Nolari, ili kila mtu apate chake na jambo liishe. Nolari aliitazama kamba. Hakuigusa. Aligeuka akaenda, mikono bado iko nyuma, na mtamba akabaki amesimama katikati ya uwanja.

Basi, huyo mtamba wa nani? Wa mlimani walisema wa Nolari, amerudishwa. Wa nyikani walisema kitu ambacho mtu hajakigusa hakijarudishwa. Wakabishana mpaka wakachoka, kila mtu anasema lugha yake, na mwisho mtamba akabaki wa gulio. Ndiyo maana hadi leo Lengero ina ng'ombe wasio na mwenyewe, na maziwa yao siku ya gulio hunywewa na watoto waliobebwa na mama zao.

Gulio lililofuata Nolari alikuja. Hakuleta kitu. Aliketi upande mmoja wa jamvi, na Nakiete upande wa pili, mikono nyuma wote wawili. Mtoto alipomwona alimkimbilia akajitupa mapajani mwake, Nakiete akatazama pembeni akamwacha. Jioni alimbeba akapanda naye mlima, analia. Lililofuata, hivyo hivyo. Hawakuwa marafiki, msije mkanipamba hadithi. Wapo wanaosema miaka miwili ya kwanza hawakuangaliana usoni. Lakini hakuna aliyekosa hata gulio moja, kwa sababu asingekuja Nakiete mtoto asingeletwa, na asingekuja Nolari angekuwa ameachia. Watu waliendelea kuwageukia wakigombana, sasa wawili, mmoja kwa kila upande, nao wakajifunza kumwuliza kila mwenye mzigo swali lile lile kabla jamvi lake halijaguswa. Mara tatu. Ya kwanza mtu haamini kwamba anaulizwa yeye. Ya pili anaitafuta sauti. Ya tatu ndiyo anajibu.

Mtoto alikua na majina yake mawili na lugha zake mbili, akawa mkalimani wa kwanza wa Lengero. Aliulizwa sana ni mwana wa nani. Alikuwa akijibu kwa kuuliza, "Unataka kubadilisha nini leo?" Nolari alipokufa alinyoa nywele. Nakiete alipokufa, alinyoa tena. Siku jamvi lilipobaki tupu, watu waliumizana kabla ya saa sita mchana, kwa ajili ya dume la mbuzi. Ndipo wanawake wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, walipotoka katikati ya watu bila kutumwa na mtu, wakaketi pale, wakaweka mikono nyuma. Hawakuchaguliwa, hawakulipwa. Nasi tumepokezana hivyo mpaka ikanifikia mimi, mpaka imewafikia nyinyi.

Mwaka juzi alikuja mzee mmoja na cherehani kwenye baiskeli, anataka mbuzi. Mwenye mbuzi alikuwa tayari, mbuzi wazuri. Nikamwuliza, unaitoa? Akasema ndiyo, upesi. Nikamwuliza tena, akasema ndiyo, mbona unanisumbua mama? Ya tatu akanyamaza. Ilikuwa ya marehemu mkewe. Akaifunga tena kwenye baiskeli, akaisukuma kurudi kwao, na mwenye mbuzi hakusema kitu, kwa sababu hapa mtu akinyamaza ya tatu hakuna anayemwuliza sababu.

Sasa mtaniuliza haki ilikuwa wapi. Mama alimpata mwanawe, sawa. Na yule aliyemlea kwa mwaka na zaidi, ambaye hakuiba, ambaye ndiye peke yake aliyeuliza, alipata nini? Na mtoto, nani alimwuliza? Nimeligeuza jambo hili miaka yote hii, na kila nikidhani nimelishika linaniteleza. Ninachokijua ni kimoja tu. Nolari hakuigusa ile kamba, wala hakuna mtu mwingine aliyeigusa kwa niaba yake, kwa hiyo kwa sheria za Lengero biashara ile haijakwisha mpaka leo. Tangu siku hiyo mlinzi wa gulio huketi na mikono nyuma, wawili wawili, kwa sababu tunakaa mahali pa wale wawili, na anayekaa mahali pa mwenzake hawezi kukubali kwa niaba yake.

Haya, inukeni. Yule mama pale ameshatua mzigo wake na hajasema neno. Nendeni mkamwulize.